Eti kombi ya zamani ikipita ukaguzi, mkaguzi alikuwa amesinzia!

PaaLaKuinuka (mwenye uzi)

Wakuu, ninaandika haya hasira ikiwa bado imenikaa kooni. Yule bwana tunayemfahamu sote, ambaye hajawahi kuipita kombi ya kulala bila kuitolea kasoro, leo amekikodolea macho cheti kipya cha ukaguzi wa mwaka cha kombi yangu ya zamani ya Volkswagen, kisha akatangaza mbele ya watu wanaoniheshimu: "Kombi ya umri huu ikipita mara ya kwanza, ujue mkaguzi alisinzia." Alisinzia! Watu wakacheka hadi nikahofia vioo vya gari vingeanguka.

Mkaguzi yule hakusinzia hata kope. Alikaa shimoni chini ya gari langu muda mrefu kiasi kwamba nilidhani amehamia huko na familia yake. Aligonga vizingiti (mabati marefu ya chini ya milango) vya pande zote mbili, akatikisa magurudumu ya mbele kutafuta ulegevu kwenye bolijointi (viungo vya duara vinavyoshikilia magurudumu), akazungusha usukani huku akilitazama boksi la gia za usukani, kisha akapima breki za kila gurudumu kwenye rola, mashine inayozungusha magurudumu. Mtu aliyesinzia hufanya hayo yote?

Tangu Volkswagen ilipoanza kuziunda mwaka 1950, kombi hizi hazina chasisi iliyotengana na bodi. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na ndiyo maana kutu ya kizingiti si suala la urembo. Ninalijua hilo, na ndiyo sababu mabati yaliyooza yalikatwa na mapya yakachomelewa kabla gari halijafika kwa mkaguzi. Gari lililotunzwa hupita, liwe la zamani kiasi gani. Lakini yeye, mbele ya watu wote wale, anasema alisinzia!

DramuZoteNne

Pole, mkuu, ila bwana yule hakukosea sana. Chukua kanuni za Uingereza: kutu iliyodhoofisha bati ndani ya sentimita 30 kutoka mahali panaposhikilia usukani, breki, suspensheni au mkanda wa usalama inatosha kuliangusha gari. Sasa nionyeshe sehemu ya chini ya kombi iliyo mbali na vitu hivyo. Cheti kimoja kisikuvimbishe kichwa. Hukutuambia hata hendibreki ilishika kwa asilimia ngapi ya uzito wa gari, na huko hata gari lenye breki za mikondo miwili (njia mbili za mafuta ya breki zinazojitegemea) hutakiwa kufikisha 16.

PaaLaKuinuka

Hendibreki ilishika vizuri sana, ndugu, na wala haikuwa hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba alisema "alisinzia" huku akinitazama usoni, na hakurudi nyuma hata nilipomwonyesha karatasi ya vipimo vya breki.

KizingitiKipya

Afadhali wewe ulitukanwa kwa maneno tu. Mimi niliuziwa kombi na mtu aliyepaka lami nyeusi chini nzima, nene kama uji wa mtama, akaniapia kwamba gari hilo halijawahi kushindwa ukaguzi. Mkaguzi alipokwangua kidogo karibu na nanga ya mkanda wa dereva, chombo chake kikazama hadi kwenye mpini. Wanaoficha kutu kwa lami na puti ndio wanaotuharibia jina, maana mkaguzi aliyedanganywa mara moja huitazama kila kombi inayofuata kwa jicho la polisi.

MiakaArobaini

Nyote mnalia kuhusu ukaguzi, wakati kilio changu ni pale unapokosekana. Uingereza, tangu tarehe 20 Mei 2018, gari la abiria lililopita miaka 40 halilazimiki kukaguliwa kila mwaka iwapo halijafanyiwa mabadiliko makubwa katika miaka 30 iliyopita. Wauzaji wameugeuza msamaha huo kuwa sifa ya gari: "halihitaji ukaguzi," wanasema, kana kwamba kutu nayo imesamehewa! Mimi nitaendelea kuipeleka yangu kwa hiari kila mwaka, na atakayeniita mwoga na aniite.

DramuZoteNne

Hapo nakuunga mkono, mzee wangu. Silinda za breki za nyuma huanza kuvuja ndani ya dramu bila dereva kuona chochote, na rola ndiyo inayofichua kwamba gurudumu moja linashika kuliko jingine.

PaaLaKuinuka

Jamani, tunamzungumzia mtu aliyesema mkaguzi alisinzia!

MoshiWaNyuma

Mkuu, cheti hakitakuokoa na moto. Injini iko nyuma, hupozwa kwa hewa, na mipira ya petroli hupita juu ya chuma chenye moto mkali. Mpira ukikauka ukapasuka wiki moja baada ya ukaguzi, petroli hudondokea hapohapo, na kombi nyingi nzuri zimeteketea hivyo barabarani. Ukaguzi huona uvujaji wa siku ile tu. Nimelisema hili kila mahali na hakuna anayesikiliza, kwa sababu kila mtu anataka kuonyesha mapazia na vitanda.

KizingitiKipya

Umenitia wasiwasi. Mipira yangu ni ile iliyofumwa kwa uzi kwa nje, na sijui ina miaka mingapi. Je, nyufa zake huonekana kwa macho, au ni lazima niifungue?

MoshiWaNyuma

Ifungue yote, ndugu yangu. Ule uzi wa nje huficha nyufa. Anza na kipande kinachopita kwenye bati la mbele la chumba cha injini, kwa sababu hapo husuguliwa na ukingo wa tundu, na usisahau vibano vyake.