Taa za mtaani: chache kali au nyingi za wastani?

mkazi_wa_bondeni
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri. Mtaa wetu huku Dar tumechanga hela tuweke taa njia ya kutoka kituo cha daladala, ni kama mita 180, upande mmoja ukuta upande mwingine mtaro uko wazi, na wanafunzi wanapita hapo saa kumi na moja alfajiri giza totoro. Kwenye kikao wengi wanataka fladi tatu (zile taa kali za kumulika eneo kubwa) za wati 200 zifungwe juu ya kuta za watu, wanasema ndo mwanga utafika mbali. Mi roho inasita ila sina cha kuwajibu.

fundi_voltiji
Mkuu msifunge hizo. Fladi ikifungwa ikaangalia mbele badala ya chini inakupiga machoni, ukishaipita unaingia gizani jicho bado halijazoea, hapo ndo mtu anatumbukia mtaroni. Anayetembea kwa miguu anataka mwanga ulioenea sawasawa. Wekeni nguzo za mita 5 upande wa mtaro ukingo uonekane, kila baada ya mita 18, jumla 11, na LED ya wati 20 inayoangalia chini. Hizo zote ni wati 220, fladi zenu ni 600. Zikiwaka saa 12 ni uniti 2.6 kwa usiku badala ya 7.2. Nguzo zitauma mwanzoni kweli, ila umeme wa luku mtanunua kila mwezi.

wa_kanairo
Huku Nairobi tuko na mulika mwizi, ile mlingoti mrefu kabisa yenye taa kali juu. Kwa stage na uwanja inasaidia sana, watu wanauza hadi usiku. Lakini ingia vichochoroni, nyumba zinakinga mwanga unapata kivuli cheusi tititi, na ikizima mtaa mzima unabaki giza.

mama_wawili
Rangi pia muangalie jamani, zile nyeupe za kibluu zilizoandikwa 6500K (hiyo K ni kipimo cha rangi ya mwanga) zinachoma macho, chukueni 3000K, zenye mwanga wa njano njano. Mimi nikishuka gari usiku nataka mtu akiwa hatua nne tano mbele nimuone uso na mikono, siyo umbo tu.

mkazi_wa_bondeni
Asanteni sana, hiyo ya uniti naipeleka kikaoni. Vipi sola? Na pale kwenye zebra barabara kubwa?

fundi_voltiji
Sola sawa ila usiamini wati za kwenye boksi, angalia ukubwa wa paneli na betri, maana nyingi zinafifia kabla ya alfajiri na watoto wenu ndo muda wao huo. Paneli isikae chini ya mwembe, na ifutwe vumbi. Zebra ni kitu kingine, taa inatakiwa ikae mita chache kabla ya zebra upande gari linakotokea, ili mwanga umpige mtu upande ule dereva anaouona, ikikaa nyuma yake dereva anaona kivuli tu. Magari yanatoka pande mbili basi taa ziwe mbili. Hiyo msifunge wenyewe, barabara itakuwa ya wakala wa serikali wa barabara, TANROADS au TARURA, mwambieni mwenyekiti wa mtaa awaandikie barua.