Naombeni ushauri: watoto wa Dar kwenda Njombe kwa mjomba likizo ya mwezi wa sita

Mama Watatu:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaoijua Njombe ya kipupwe.

Nina watoto watatu, miaka 10, 7 na 3. Wamezaliwa Dar, wamekulia Dar, baridi wanayoijua ni ya feni. Kaka yangu anaishi kijijini, nje kidogo ya mji wa Njombe, na wanne wake wanalingana na wangu. Mabinamu hawa wanajuana kwa simu tu. Nataka likizo hii waende wakae mwezi mzima. Mimi nikae nao wiki ya kwanza, kisha nirudi kazini.

Baba yao anagoma. Anasema baridi ya kule si ya kuchezea, na huyu wa katikati ana pumu. Yeye anataka Desemba. Mimi naona Desemba ni mvua, tope na kila mtu yuko shambani. Mnasemaje?

Mbena wa Mjini:
Kamwene dada! Baridi ipo, asikudanganye mtu. Usiku wa Juni na Julai tunashuka chini ya nyuzi 10, na ukipanda Makete unaamka unakuta sakitu imeunguza viazi. Ila mchana jua linawaka, na ikifika saa sita utakuta masweta yote yametupwa kwenye ua watoto wakifukuzana. Usinunue makoti ya bei mbaya huko Dar. Njoo na soksi nzito na kofia za kufunika masikio, masweta utayapata mitumbani hapa hapa, maana wauzaji wa huku wanajua wanauza nini. Na mafuta ya mgando, mengi. Midomo itapasuka.

Halafu achana na ile habari ya Dar ya kuoga asubuhi na jioni. Huku mtoto anaogeshwa saa nane mchana, maji ya moto, basi.

Kijana wa Kitonga:
Safari ni kama kilomita 700, kwa hiyo pandeni basi la alfajiri pale Mbezi Luis. Barabara inakatiza Mikumi kwa kilomita 50 hivi, watoto wataona swala na twiga bila kulipa kiingilio, wakae dirishani. Kwenye kona za mlima Kitonga beba mifuko ya kutapikia. Na masweta yasiwekwe kwenye buti! Baridi inaanza kuuma Mafinga, jua limeshazama, na kondakta hasimamishi basi ukatafute begi.

Mzaramo Asiyesafiri:
Shemeji ana haki zake jamani. Mimi nilikwenda msibani Makete mwezi wa saba, nililala na viatu.

Nesi wa Zamu:
Mama Watatu, pumu haizuii safari, ila mpeleke kliniki kabla ya kuondoka na abebe dawa yake ya kuvuta ya kutosha mwezi mzima. Mjomba na mke wake waoneshwe namna ya kuitumia, tena kwa vitendo.

Kinachonitia hofu zaidi ya baridi ni moshi. Jiko la kuni ndilo sebule ya Njombe wakati huu: bibi yupo pale, viazi vinachomwa pale, hadithi zote ziko pale. Ukimzuia huyo mmoja asiingie jikoni, umemtenga na wenzake. Ongea na kaka yako jioni wawashe moto nje uani, watoto wote wahamie huko, naye akae upande ambao upepo haumletei moshi.

Na hili ni kwa kila anayesoma: jiko la mkaa lisilale chumbani. Watu hulibeba ndani kupasha chumba joto, wanafunga madirisha, wanalala. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina rangi wala harufu, mtu hapati hata nafasi ya kuamka. Blanketi la ziada, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, watoto watatu kitanda kimoja. Inatosha.

Mama Watatu:
Asante sana dada Nesi, hilo la moshi nampelekea baba yao leo leo. Kuhusu wifi, kila nikimuuliza kama hatutamchosha, jibu lake ni "karibuni tu".

Wifi wa Makambako:
Nimesubiri mtu alitaje hili. Mdogo wangu, mimi ndiye wifi wa upande wa pili, kila Juni napokea watoto wa mawifi kutoka Dar. "Karibuni tu" sote tunasema, ungetaka tuseme nini? Usimuulize kama mje. Muulize kinachopungua ni nini: godoro, blanketi, ndoo. Watoto saba wanakula, na mwezi huu nguo hazikauki, sweta moja linakaa kambani siku tatu. Wabebee nguo za kubadilisha, acha hela ya mboga na sabuni mkononi mwake yeye, si kwa kaka yako. Mchele na dagaa kutoka huko ni zawadi tosha.

Wanao wasikae kigeni. Mahindi yanavunwa sasa, wapukuchue na wenzao. Na vishikwambi vibaki Dar, lete mpira mmoja mzuri wa wote. Mwezi mzima ni sahihi. Wiki ya kwanza wanaoneana aibu tu.

Mama Watatu:
Nimempigia. Kacheka sana, kisha kataja mablanketi mawili na beseni kubwa la kufulia. Baba yao amekubali kwa sharti: Desemba mabinamu waje Dar, na yeye ndiye atakayewapeleka baharini. Wanne wote hawajawahi kuiona.

Nesi wa Zamu:
Safi. Basi vyandarua viwe tayari kabla hawajafika. Njombe malaria ni adimu, watoto wa huko hawana kinga ya kuizoea, na Dar ya Desemba ina mbu. Wakipata homa, hata kama wamerudi nyumbani, wapimwe siku hiyo hiyo, na wamwambie daktari walitoka Dar.