Mbuzi wamebambua gome la mwembe, mbona majani hayanyauki?

BintiMuheza: Habari zenu wakuu. Nyuma ya nyumba tuna mwembe dodo alioupanda marehemu babu. Nilikuwa safarini, mbuzi wakakata kamba, wakabambua gome kuzunguka shina lote, upana wa shibiri moja. Nilijua basi, umekwenda. Leo wiki ya tano majani ni mabichi na umechanua kuliko mwaka jana! Mama anasema umepona. Lakini juu ya kidonda gome limevimba kama mdomo, chini pamesinyaa. Maji yanapandaje wakati njia imeliwa?

FundiMiche: Pole sana dada. Njia ya maji haijaliwa. Maji hupanda ndani ya mbao ya shina, siyo kwenye gome, kupitia mirija ya zailemu. Jua likipiga, mvuke hutoka kwenye vitundu vya majani (stomata), na maji yaliyoshikana nyuma yake huvutwa kama uzi mmoja tangu kwenye vinyweleo vya mizizi. Walichokula mbuzi ni floemu, iliyo upande wa ndani wa gome. Hiyo ndiyo hushusha sukari kutoka kwenye majani. Uvimbe ule ni chakula kilichokosa pa kupita, na wingi wa maua ni kwa sababu hiyo hiyo. Mizizi inakula akiba. Ikiisha inakufa, ndipo majani yatanyauka. Mwambie mama taratibu: bado haujapona.

Mkwezi_Pangani: Mbona sisi minazi tunaichonga vidato vya kupandia toka chini hadi juu na haifi?

FundiMiche: Mnazi hauna gome la namna hiyo, kaka. Mirija ya maji na ya chakula imekaa pamoja kwenye nyuzi zilizotapakaa shina zima. Kidato kinakata chache tu.

BintiMuheza: Naweza kuuokoa? Babu kazikwa hatua chache kutoka hapo.

FundiMiche: Ubebeshe daraja, yaani unganisha gome la juu na la chini ya kidonda kwa vikonyo, usingoje. Kata vikonyo (vijiti vya matawi) unene wa penseli kutoka mwembe huo huo. Chonga ncha zote mbili, chomeka moja ndani ya gome lisiloliwa lililo chini ya kidonda, nyingine ndani ya gome lililo juu ya kidonda. Usivigeuze: upande wa chini ubaki chini. Funga kwa nailoni, ziba kwa nta. Weka kimoja kila upana wa vidole vinne. Vikichipua, kwanyua machipukizi.

BintiMuheza: Tumeweka tisa leo asubuhi, mama akishika, mimi nikifunga.