Naombeni ushauri: kijana wa mfumo anataka kufungua databesi ya duka niione nikiwa nyumbani, kuna usalama?

dukani_tu:
Wakuu habari za jioni. Nina duka la dawa muhimu, kuna kijana alitufungia mfumo wa mauzo, kompyuta moja iko stoo ndo anaiita seva na zile mbili za kaunta zinasoma kutoka kule. Humo kuna bei ninazonunulia, wateja wa mkopo na namba zao, kila kitu. Sasa nataka niwe naona mauzo nikiwa home, kaniambia rahisi tu, tunafungua poti 3306 kwenye ruta mambo yanaisha. Mi hata hiyo databesi seva sijui ni mdudu gani. Msinicheke, nisaidieni.

kiti_moto_2:
Hapo kwenye "mambo yanaisha" hajakudanganya mkuu, yataisha kweli 😂😂

fundi_nyaya:
Achana na huyo. Iko hivi, databesi ni hizo data zenyewe zimepangwa kwenye majedwali, dawa huku, mauzo huku, wadeni kule. Seva ni programu inayokaa macho muda wote kusubiri kuulizwa, ichukulie kama karani wa stoo, kaunta haiingii stoo, inamwagiza karani, karani anaangalia wewe nani na unaruhusiwa nini ndo anatoa. Yako bila shaka ni MySQL, na 3306 ndo mlango wake wa kawaida, dunia nzima inaujua. Ukiufungua nje kuna programu zinazunguka intaneti usiku na mchana zinagonga mlango huo huo kwa kila mtu, hawakujui wala hawana haja ya kukujua. Januari 2017 maelfu ya databesi za MongoDB, aina nyingine ya databesi, zilikutwa wazi bila paswedi, zikafutwa, wenyewe wakaachiwa ujumbe walipe bitcoin, na mara nyingi hata hao wezi hawakubaki na nakala, data ilishafutwa tu. Muulize kijana wako paswedi ya root, ile akaunti kuu ya databesi, ni ipi.

dukani_tu:
Nimemuuliza, anasema haina maana ni ya ndani kwa ndani 😐

fundi_nyaya:
Basi huenda ni XAMPP hiyo, kifurushi cha programu chenye databesi ndani, inakuja hivyo kwa ajili ya kujifunzia na waliotengeneza wanasema wenyewe sio ya kuendeshea biashara. Root anaweza kufuta kila kitu kwa mstari mmoja. Aweke paswedi leo, halafu mfumo wa kaunta upewe akaunti yake ya kusoma na kuandika mauzo tu, isiweze kufuta jedwali. Na wewe wa ripoti upewe ya kusoma basi, hata ukiwa bosi.

mama_hesabu:
Samahani kaka, kwani nyumbani unataka kuona nini hasa? Kama ni jumla ya siku, si mfumo ukutumie meseji saa ya kufunga? Hakuna mlango wa kufungua hapo. Ila mi ningeuliza bakapu kwanza.

dukani_tu:
Bakapu ipo dada, anasema inajiweka kwenye D kila usiku

mama_hesabu:
D ya kompyuta hiyo hiyo? Mara nyingi hiyo ni diski moja imegawanywa tu, umeme ukiiunguza au mwizi akiibeba zinaenda zote. Weka nakala nje ya duka, na umwambie airudishe kwenye kompyuta nyingine ukiona kwa macho yako. GitLab, kampuni inayotunzia watengeneza programu kazi zao mtandaoni, ni wataalamu watupu lakini 2017 fundi wao alifuta data kwenye seva isiyo yenyewe, kwenda kwenye bakapu nyingi hazifanyi kazi, wakapoteza data ya kama masaa sita.

kiti_moto_2:
Na serious sasa, majina ya watu na dawa wanazokunywa hizo ni taarifa nyeti, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, zikivuja ni wewe mwenye duka unaulizwa kwanza, usidhani ni kijana peke yake.

dukani_tu:
Duh. Nimempigia, nimemwambia poti asiguse. Ila meseji haitoshi, napenda kuona dawa ipi inaisha.

fundi_nyaya:
Basi VPN, ni njia ya siri ndani ya intaneti, simu yako inaonekana kama iko dukani na databesi inabaki imefungwa. Intaneti ya hapo ni faiba au laini ya simu?

dukani_tu:
Laini ya simu, ruta ndogo ile

fundi_nyaya:
😂 Laini nyingi hizo mnashea IP, yaani anwani moja ya intaneti, watu kibao, hata angefungua hiyo poti huenda isingefika popote. Mwambie ajaribu Tailscale, ni programu ya VPN, hiyo inapita hata hapo, na ina kifurushi cha bure kwa matumizi binafsi.