PSP (ugonjwa wa ubongo unaofanana na Parkinson): kuna faida kumrudisha mzee MRI (picha ya ubongo kwa mashine ya sumaku) kila miezi sita?

Mtu wa Kibaigwa

Mbukwenyi wakuu.

Mzee wangu alikuwa mpima mahindi pale soko la nafaka Kibaigwa, mtu wa mizani na makelele. Sasa hivi macho kuyainua anaweza kidogo, kuyashusha ndiyo hawezi kabisa. Sahani ikiwa mbele yake haioni, anapapasa. Bimkubwa amegeuza ndoo ya lita ishirini juu ya meza, anaweka sahani pale juu, ndipo mzee anakula ugali wake bila kumwaga mlenda. Halafu kuanguka. Hajikwai popote, amesimama tu, mara huyo chali mzima mzima. Kutetemeka hana.

Hospitali ya kwanza walisema Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka. Akapewa levodopa, dawa ya Parkinson, dozi ikapandishwa, ikapandishwa tena, tukaambulia kichefuchefu. Ni bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu aliyemwangalia macho ndiye akasema PSP, akaagiza MRI, na ripoti ikaja imeandika ubongo wa kati umesinyaa.

Sasa shemeji yangu aliyeko Dar kang'ang'ania mzee arudie MRI kila miezi sita "tujue ugonjwa umefika wapi". Anasema Wazungu wanafanya hivyo. Kikao cha ukoo kimekaa, kuna ng'ombe tayari anatafutiwa mnunuzi. Anayejua kweli anisaidie: hiyo picha itatuambia kitu gani ambacho hatukioni pale kwenye ndoo?

Jicho la Sumaku

Pole sana mkuu. Mimi kazi yangu ni chumba cha picha, hapa hapa Dodoma mjini. Ng'ombe wenu mwacheni kwanza.

Picha ya kwanza ilikuwa ya lazima, hapo msijutie. Mtu mzima anayeanguka ovyo anaweza kuwa na maji yaliyojaa kichwani, au viharusi vidogo vidogo vilivyopita kimyakimya, au uvimbe, na baadhi ya hayo yanatibika. MRI inayaondoa hayo mezani. Kisha inaangalia shina la ubongo. Kuna ule mkato unaopasua kichwa katikati kutoka usoni hadi kisogoni. Kwa mtu mzima wa afya, ubongo wa kati kwa juu umevimba kidogo kama mgongo. Kwa mwenye PSP unabapa, baadaye unabonyea, na unaona kabisa ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, chozi yule wa kwenye maua: ubongo wa kati uliokonda ndio kichwa na mdomo, ponsi, sehemu ya shina iliyo chini yake, ndiyo tumbo. Nikiiona nakaa kimya, namwachia daktari wa picha aandike. Sasa hilo ni eneo linalohusika na kupandisha na kushusha macho, kwa hiyo ndoo ya mama na picha vinasema jambo moja.

Sasa hesabu. Watafiti wa Japani mwaka 2005 walipima eneo la ubongo wa kati kwenye mkato huo. Wenye PSP walikuwa na wastani wa milimita za mraba 56, wenye Parkinson 103, watu wazima wasio na ugonjwa kama 118. Tofauti hiyo ni kubwa, ndiyo maana picha inafaa kutofautisha. Lakini kufuatilia ni habari nyingine. Ubongo wa kati kwenye PSP hupungua kwa kama asilimia 2 au 3 kwa mwaka. Miezi sita ni nusu ya hapo. Kwenye 56, unatafuta chini ya milimita moja ya mraba! Mimi nikichora mpaka kwa mkono leo, na mwenzangu akachora kesho picha ile ile, tutapishana zaidi ya hiyo. Ukibadilisha mashine, au mzee akatikisa kichwa kidogo, basi tena. Mtalipia kupima mkono wa fundi.

Kijana wa Ng'hong'hona

Shemeji naye asionewe, hajatunga. Kwenye utafiti wa dawa wanarudia picha kweli. Jaribio la davunetide, dawa iliyojaribiwa kwa PSP, majibu yake yakatoka 2014, lilikuwa na wagonjwa 313, na mojawapo ya vitu walivyopima mwanzo na mwisho wa mwaka ni jinsi vyumba vya maji vya ubongo vinavyotanuka. Dawa haikufua dafu, lakini picha zilisaidia kuonyesha hivyo. Tofauti ni kwamba pale programu ya kompyuta ndiyo inayopima ujazo, na wanatafuta wastani wa kundi zima, mtu mmoja mmoja anapotelea humo. Mzee wa Kibaigwa hana wenzake mia tatu wa kumsawazishia makosa.

Mganga Asilia

Chali bila kujikwaa? Huyo kuna mtu anamsukuma. Njoo inbox.

Mtu wa Kibaigwa

Babu, kiti chako kipo, lakini si hapa.

Jicho, nimekuelewa. Ila shemeji atauliza: bila picha tutajuaje kama anazidi? Yeye ni mtu wa namba.

Jicho la Sumaku

Mpe namba basi. Kuna karatasi ya alama ya PSP, aliyeitunga ni Golbe wa Marekani, 2007. Vipengele 28, jumla alama 100, zikipanda ndiyo hali inazorota. Daktari anaangalia kula, kuongea, kumeza, macho, viungo, kuinuka kitini, kutembea. Wagonjwa wengi hupanda kama alama 11 kwa mwaka. Linganisha mwenyewe: alama 11 kati ya 100, dhidi ya milimita moja inayobishaniwa. Na haihitaji sumaku, inahitaji daktari anayeijua na kiti. Mwombeni bingwa wenu aijaze kila kliniki, shemeji atumiwe kwa WhatsApp.

Mama wa Mpwapwa

Mwanangu, mimi mume wangu ana ugonjwa huo huo. Nakubaliana na huyo wa picha ila naongeza moja, maana hili lilitupata. Akianguka akajigonga kichwa, halafu siku zinazofuata akawa analala lala, au anachanganyikiwa kuliko kawaida yake, au upande mmoja umelegea, hapo usiseme "ni ugonjwa wake ule". Mume wangu damu ilivia taratibu chini ya utando wa ubongo, sisi tunadhani PSP imekaza. CT scan, ile picha ya mionzi, ndiyo iliyotuambia, ni ya dakika chache. Kama mzee anatumia dawa za kuyeyusha damu, wahi mara mbili. Hela ya ng'ombe iwe ya siku hiyo.

Na kumeza, jamani. Macho yanatisha lakini kinachowaondoa wengi wao ni nimonia, chakula kinapita njia ya hewa. Akianza kukohoa kila akinywa maji, mwambie daktari mapema. Sisi tulielekezwa akae wima kabisa, uji mzito badala ya chai nyepesi, na asiongeleshwe akiwa na tonge mdomoni. Hilo la mwisho gumu kwa wageni wa Kigogo, wanataka salamu zote ziishe.

Mtu wa Kibaigwa

Ahsante mama, kukohoa kumeanza, hasa kwenye maji. Kikohozi hicho sikuwa nimekihusisha na chochote. Nampigia daktari leo hii.

Swali dogo: kuna mtu kaniambia kuna miwani ya prizimu ya kumsaidia kuona chini. Tununue?

Mama wa Mpwapwa

Tulinunua. Yupo nayo, anaivaa wakija wageni. Wengine inawafaa, ila kwa kula mimi niliishia kupandisha sahani kama mama yako. Hiyo hela nunua kigari cha kutembelea, kile kizito cha magurudumu, na funga uzito kwa mbele maana wanavutwa nyuma. Wetu tulifungia mawe ya kinu kilichovunjika.

Jicho la Sumaku

Na ile CD ya MRI ya kwanza itunze, usiache hospitali wala kwenye gari juani. Siku ya CT ya dharura daktari ataiulizia.