Pensheni kwa wazee wote, Tanzania Bara tunasubiri nini?

Wakuu habari zenu, naomba hili tulijadili bila matusi. Kila ikitajwa pensheni ya wazee wote huku Bara kuna watu wanakuja na hoja ileile, kwamba pensheni ya Mwafrika ni watoto wake, eti serikali ikianza kumlipa mzee basi watoto watamtelekeza na tutaishia kama wazungu. Mi sikubaliani kabisa.

Wenzetu Zanzibar walianza Aprili 2016. Ukifika miaka 70 unalipwa kila mwezi, uwe uliajiriwa serikalini, uwe mvuvi, uwe mama wa kulima mwani, haijalishi. Walianza na 20,000, baadae ikapanda mpaka 50,000, na ni hela ya serikali yenyewe sio ya wafadhili. Sasa mlioko Unguja na Pemba hebu semeni hapa, kuna mtoto aliyeacha kumpelekea mamake mchele kwa sababu mama anapokea elfu 50? Elfu 50 yenyewe dawa za presha tu inayeyuka.

Huku kwetu tangu 2022 tunapigana na kikokotoo, yaani ile hesabu ya mafao ya mkupuo ya mstaafu, ilianza na 33% sijui nini, na wastaafu wana haki kabisa ya kulalamika, ila hao ni waliokuwa na ajira na mfuko. Bibi aliyelima pamba Maswa tangu ujana wake, pamba ikauzwa nje nchi ikapata fedha za kigeni, yeye hayumo popote. TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ipo sawa, lakini inaangalia umaskini wa kaya sio umri, kwa hiyo bibi anayekaa kwenye nyumba ya bati aliyojengewa zamani na mwanae anaonekana ana uwezo kumbe ndani hata chumvi hamna. Na Sera ya Wazee ya 2003 inasema kuanzia miaka 60 asiyejiweza atibiwe bure, haya nendeni kwenye zahanati zetu, mzee anapishwa vizuri kwenye foleni, anaandikiwa dawa, halafu anaambiwa dawa imeisha kanunue duka la nje. Shikamoo tunawapa nyingi sana jamani ila shikamoo hainunui dawa.

Hao watoto mnaosema ndio pensheni wenyewe wana hali gani? Kijana yuko Dar anaendesha boda ya mkataba, kila siku anatakiwa apeleke hesabu ya tajiri, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, akibanwa mtoto anampeleka kijijini kwa bibi. Kwa hiyo bibi wa miaka 72 ndo analea, anatafuta daftari, sare, uji wa asubuhi. Hapo nani anamtunza nani? Hili watu hawataki kulisema kabisa na ndo linaloniuma mimi kuliko yote.

Halafu mzee akiwa na hela yake hata mkwe anamsikiliza. Anayeomba mpaka ya sabuni anageuka mzigo ndani ya nyumba, na sisi wa kanda ya ziwa tunajua kumwona bibi ni mzigo kunaweza kufika wapi, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni miaka yote hiyo, mtu anaitwa mchawi anakatwa mapanga na shamba linagawanywa. Sisemi pensheni itamaliza ushirikina, nasema bibi anayeleta hela nyumbani kila mwezi familia itamlinda zaidi.

Najua mtauliza hela zitoke wapi. Tuanze na wa miaka 75 kwenda juu, hata kwa hiyo 20,000, mbona Kenya wanawalipa wa miaka 70 shilingi zao 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii, ingawa huwa inachelewa na wazee wanalalamika.

Mnaopinga naomba mnijibu swali moja tu. Mzee ambaye hakujaliwa mtoto, au aliokuwa nao amewazika wote, mwezi huu ale kwa nani?