Kinyama cheupe jichoni kwa mwenye VVU: acheni kugawa matone, kiangalieni!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Mtu anaishi na VVU, CTC (kliniki ya VVU) anahudhuria kila tarehe aliyopangiwa, dawa anameza, uzito unapimwa, wingi wa virusi unapimwa. Jichoni ana kinyama cheupe kinachokua, na hakuna anayemfunua kope. Akikitaja anaandikiwa matone. Miezi inapita, anafika kwa daktari wa macho jicho likiwa la kuondolewa. Jicho zima, kwa kitu ambacho kingeonekana kwa tochi!

Hapa sizungumzii mtoto wa jicho. Huo uko ndani, kwenye lenzi. Hiki kiko juu, kwenye utando laini unaofunika weupe wa jicho, na kwa kawaida huanzia pale weupe unapokutana na duara jeusi, upande wa pua au wa sikio, sehemu ambayo kope haziifuniki na jua linaipiga. Ni saratani, au hatua inayoitangulia. Mionzi ya jua inaharibu seli, kinga iliyoshuka inashindwa kuziondoa, na kirusi cha HPV (kile cha saratani ya mlango wa kizazi) nacho kinashukiwa. Ulaya ni ugonjwa wa wazee. Kwetu Afrika Mashariki unawapata watu wa miaka thelathini na arobaini, na wengi wao wana VVU. Wala si habari mpya: jambo hili liliandikwa kutoka Rwanda na Uganda tangu miaka ya 1990. Sasa tunasubiri nini?

Kwanza kinaitwa pterijiamu bila hata kuangaliwa. Pterijiamu ni kinyama kisicho saratani, ina umbo la bawa, inatambaa kwa miaka. Hiki kinakua kwa wiki na miezi, kimeinuka, juu kina ukoko mweupe usiofutika kwa pamba, au kinafanana na jeli, na mishipa minene ya damu inakielekea. Kwa watu weusi mara nyingi kina madoa ya kahawia. Hata bingwa hukosea akitegemea macho tu, na hapo ndipo maabara inapohitajika.

Halafu yanakuja yale matone yenye antibiotiki na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) pamoja. Wekundu unapungua, mgonjwa anashukuru, kinyama kinaendelea. Chupa ikiisha anaongezewa nyingine. Steroidi hiyohiyo inaweza kupandisha presha ya jicho, na kama kuna herpes (maambukizi ya virusi) kwenye kornea, kioo cha mbele ya jicho, inaichochea.

Linaloniuma kuliko yote ni kukata na kutupa. Kinyama kinakatwa juujuu, kipande kinaingia kwenye ndoo ya taka, mgonjwa anaambiwa "tumeshatoa". Mmetoa nini? Kiondolewe na mtaalamu wa macho, chini ya hadubini, pamoja na milimita 3 hadi 4 za utando mzima kukizunguka, bila kukibana chenyewe kwa koleo, maana seli hupandikizwa pengine. Kingo zigandishwe kwa baridi kali, na pasipo na mashine hiyo zichomwe.

Kipande chenyewe ni chembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Ukikitumbukiza kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi vipande) hivyohivyo kinajikunja, na mtu wa patholojia, anayekipima maabara, hawezi tena kusema kama kingo ziko salama. Kitandaze kwenye karatasi, kiache kidogo kishike, ndipo kiingie kwenye fomalini ya 10%, angalau mara kumi ya ujazo wake. Kwenye chupa andika jicho lipi na kilikuwa upande gani. Na kama mgonjwa hajui hali yake ya VVU, apimwe siku hiyohiyo, kwa sababu wapo ambao kinyama hiki ndiyo dalili yao ya kwanza.

Baada ya kukata kazi haijaisha. Utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa 2016 ulilinganisha waliopewa matone ya fluorourasili 1% (dawa ya saratani), mara nne kwa siku kwa wiki nne, na wasiopewa. Ndani ya mwaka mmoja kinyama kilirudi kwa takriban 11% ya waliopewa, na 36% ya wasiopewa. Matone haya famasia ya hospitali inaweza kuyaandaa kwa usafi kutoka sindano ya mg 50 kwa ml 1: ml 1 ya dawa, ml 4 za machozi bandia. Yanaanza kidonda kikishapona. Yanachoma na kutoa machozi, hivyo kope zipakwe vaselini kwanza. Mjamzito na anayenyonyesha wasipewe. Wangapi wanatoka upasuaji bila hata kutajiwa dawa hii?

Ninachotaka CTC ni kitu cha dakika moja. Tochi imulike kutoka pembeni. Mgonjwa atazame juu, chini, kushoto, kulia. Inua kope la juu. Papasa mbele ya sikio na chini ya taya kama kuna tezi. Ukiona kitu cheupe kilichoinuka, toa rufaa ya macho wiki hiyo, usiandike matone. Na aliyekatwa aangaliwe kila baada ya miezi mitatu kwa mwaka wa kwanza.

NYONGEZA: Mmeniuliza kama CD4 (hesabu ya seli za kinga) ikiwa juu mtu yuko salama. Hapana, kinawapata hata walio kwenye ARV, na ARV peke yake si tiba yake. Anayeona vidoa vinavyoelea, mimweko au kama pazia, hasa CD4 ikiwa chini ya 50, huo ni ugonjwa mwingine, wa retina (utando wa nyuma ndani ya jicho), na tochi haiuoni. Huyo anahitaji kutanuliwa mboni kwa dawa na kuangaliwa ndani ya jicho. Hauumi, kwa hiyo asisubiri maumivu wala tarehe ya kliniki.